Msiba kama Mzigo wa Nyumba Nzima

Katika filamu ya Ordinary People (1980), iliyoongozwa na Robert Redford, Buck, mwana mkubwa wa familia ya Jarrett, amekufa maji, na mdogo wake Conrad, aliyenusurika, amejaribu kujiua kwa kulemewa na hatia. Nadharia ya mifumo ya familia, iliyokuzwa na daktari wa akili Murray Bowen wa Marekani, hufundisha kwamba wasiwasi wa mmoja huhamia kwa wengine. Hivyo Conrad hubeba huzuni ambayo mama yake, Beth, hathubutu kuionyesha, huku baba, Calvin, akinaswa katika pembetatu, yaani uhusiano ambamo mtu wa tatu hupunguza mvutano wa wawili bila kuutatua. Kimaadili, basi, kumtafuta mkosaji mmoja ni dhuluma, kwani msiba wa wote hudai kuombolezwa na wote.