Mikono Yenye Manyoya



Katika Mwanzo sura ya 27 twasoma jinsi Yakobo alivyovikwa ngozi za mbuzi mikononi, akaenda kwa baba yake aliyekuwa haoni. Isaka aliitilia shaka ile sauti. Lakini alipoipapasa mikono akaamini, akatoa baraka iliyokusudiwa mwingine.

Habari hii ilinirudia kwa sababu ya kompyuta yangu. Kijana fundi alinirudishia akisema, "Mwalimu, Windows yako imekubali bila kununua leseni." Nikamwuliza ni kwa njia gani, naye akanieleza bila kuficha.

Kampuni ya Microsoft huyapa mashirika utaratibu uitwao KMS. Shirika lililolipa huweka seva yake, na kompyuta zake, zisizopungua 25, huiomba seva hiyo kibali. Kibali hudumu siku 180, kisha huhuishwa. Basi watu wameandika skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza yenyewe, inayoweka seva ya bandia. Kompyuta huuliza, hujibiwa, huamini. Imepapasa manyoya!

Skripti yenyewe si dhambi. Windows ina yake, slmgr.vbs, na fundi wa shirika lililolipa huitumia kuzipa mashine nyingi leseni halali. Kisu kile kile hukata mboga, tena huvunja dirisha la jirani. Na skripti za wizi mara nyingi hutaka kwanza uizime programu ya kuzuia virusi. Ndiko kumfungulia mgeni mlango usiku.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi chuoni niliwafutia mitihani wanachuo walionakili. Kumbe mafunzo yangu ya Kwaresima nimeyaandika kwa mashine iliyodanganywa! Nikajitetea: nani ameumia? Swali hilo hilo waliniuliza wale wanachuo, nami sikulikubali. Amri ya nane haikuongezewa maneno kwa ajili ya wenye pensheni ndogo.

Nimemwomba kijana aiondoe, aniwekee Linux na LibreOffice, ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa hiari yao. Najifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na barua zangu za zamani nyingine hufunguka mistari imehama. Si kitu.

Yakobo naye alikuja kudanganywa na Labani. Basi kila mmoja wetu aitazame mikono yake kabla ya kuiinua kwa sala. Bwana atupe mioyo minyofu. Amina.