Kumchagulia Kijana Ilimu na Kazi

 

Ndugu zangu Waislamu, kila mwaka yatokapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, mzee wa pwani humwita kijana wake akamwambia: soma udaktari, au uanasheria, au shahada yo yote itakayokupatia meza serikalini. Hamwulizi kijana aweza nini, wala haulizi mji wahitaji nini. Amesikia mtoto wa jirani amechagua hivyo, basi. Ikipita miaka minne, shamba limekwisha uzwa kwa karo, na kijana yuko barazani angoja kuitwa.

Maulama wametwambia kuwa iko ilimu iliyo fardhi juu ya kila mtu, nayo ni ya kuijua dini yake. Na iko ya fardhi kifaya, ambayo mji mzima hupata dhambi ukikosa wa kuisimamia. Imamu Ghazali katika Ihya ametia humo utabibu na hesabu, hata ukulima na ufumaji. Na akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi, hali miji mingi haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Na mlaumu huyo ni bingwa wa fikihi mwenyewe! Msongamano ni ule ule, illa sisi tumehamia mlango mwingine.

Basi mzee na aanze kwa kuuliza: mji wetu umemkosa nani? Ni nani atengenezaye mashine za barafu za wavuvi? Ni nani afungaye umeme wa jua visiwani? Mara nyingi twamwita fundi kutoka mbali tukamlipa, na vijana wetu wakitazama. Wako waonao haya mtoto wao kushika spana. Nabii Daudi, naye ni mfalme, alikula kwa kazi ya mkono wake, akifua deraya za chuma. Na Nabii Zakariya alikuwa seremala. Chuo cha MIOME kilichopokea wanafunzi Mombasa katika mwaka 1951 kilikusudiwa kuwafunza Waislamu ufundi, nacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mlango uko karibu, si wa kusafiriwa.

Wala mtu asidhani iko kazi isiyotikisika. Reli mpya ya Nairobi ilianza mwaka 2017; mwaka 2019 serikali ikaamrisha makasha yapandishwe reli, madereva wa malori na watoaji mizigo forodhani wakalia; mwaka 2022 kazi ya kutoa mizigo ikaamriwa irudi Mombasa. Katika misukosuko kama hiyo, ajuaye kuendesha tu hukwama, na ajuaye kuitengeneza injini hupata pa kwenda.

Ama istikhara, Mtume (S.A.W.) aliwafunza masahaba zake katika mambo yote kama alivyowafunza sura ya Qurani. Lakini istikhara haiondoi kuuliza. Waulize wafanyao kazi hiyo, si wauzao masomo: katika wenzenu mliomaliza pamoja, wangapi wameajiriwa? Mshahara wa kwanza ni kiasi gani? Je, yaingia riba au rushwa? Kisha kijana mwenyewe, si babake, aswali rakaa mbili kabla ya karo kulipwa. Wala asingoje ndoto, kwani ndoto si sharti. Ashike alilolikusudia, likifunguka aendelee nalo, na likizuilika aende kwa la pili, ambalo nalo amekwisha liulizia.