Aliyekamilisha Ana Deni Gani?

Ndugu zangu wa Fordsburg na kwingineko ughaibuni, upatu tunaujua: anayepokea zamu ya kwanza kisha akahama mji, amewadhulumu wenzake. Je, anayepakua faili kwenye mtandao wa kugawana, likikamilika akafunga kompyuta yake, naye amedhulumu?

BitTorrent, programu aliyoitoa Bram Cohen mwaka 2001, hulikata faili vipande vidogo. Mwenye vipande vichache tu huanza kuwapa wengine kabla hajamaliza kupokea. Ndivyo wengine walivyoipata Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa bure ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Hapo kweli kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini kipande kimoja kikikosekana kwa wote, kundi zima hukwama kwenye asilimia 99.

Atasema mtu, "Mimi nalipia kila megabaiti." Ana hoja. Miaka ya 2000 hapa Johannesburg, ADSL yenye kikomo cha gigabaiti 3 kwa mwezi ilikuwa jambo la kawaida, na kutoa nako kulihesabiwa. Mwenye kidogo hadaiwi sawa na mwenye kingi.

Hata hivyo, faili lake limetimia kwa vipande vya watu ambao wenyewe walikuwa hawajatimiza. Kwa maoni yangu, anayeweza arudishe kiasi alichopokea. Asiyeweza, walau asiondoke na kipande ambacho hakuna mwingine anacho.

Nanyi wasomaji mwaonaje?