Je, Kumgawia Jirani Dawa ni Upendo?

Katika makazi haya tumezoea kugawana. Aliye na unga humpimia asiye nao. Kwa hiyo swali hili huja lenyewe: mama amebakiwa na vidonge vya tramadoli baada ya kupasuliwa, na usiku jirani yake analia kwa maumivu ya mgongo. Je, akimnyima, upendo wake uko wapi?

Wako wanaosema kwamba anayeficha dawa ni sawa na anayeficha chakula. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa si chakula. Unga ule ule hushibisha kila tumbo. Tramadoli, kodeini na mofini ni dawa za jamii ya afyuni: hutuliza maumivu, na zikizidi hudhoofisha pumzi. Kipimo alichokizoea mgonjwa wa majuma mengi kinaweza kumuua asiyekizoea, hasa akiwa amekunywa pombe au dawa za usingizi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba kodeini na tramadoli zisitumiwe kutibu maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12. Basi anayegawa kidonge anagawa asichokijua, na nia njema haigeuki kuwa kipimo.

Wengine wanakimbilia upande wa pili. Wanasema dawa hizi ni ulevi, afadhali mgonjwa avumilie. Huo nao si upendo. Hapa Uganda, Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 kuwahudumia wagonjwa mahututi kwa mofini ya maji, na tangu mwaka 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Mofini iliyopimwa vizuri imewapa watu wengi wenye saratani siku za utulivu.

Basi upendo ufanye nini? Yule Msamaria katika Luka sura ya 10 alifunga majeraha, kisha akampeleka mgonjwa kwa mwenye kumtunza, akalipa gharama. Alitoa muda wake, mnyama wake na fedha zake. Nasi tumsindikize jirani kituo cha afya, na kama hajui lugha, tumtafsirie.

Tukipewa dawa hizi, tusione haya kumwuliza mtoa dawa: Nimeze ngapi, na baada ya saa ngapi? Nisichanganye na nini? Zikibaki nizirudishe wapi? Nyumbani tuzifungie mbali na watoto. Tukimwona mtu amelala haamshiki, anapumua polepole, midomo imegeuka rangi ya bluu, tumkimbize kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

Yule mama ana haki ya kukataa kutoa kidonge. Hana haki ya kufunga mlango akalala.