Askari Aliyeanguka Akarudi



Juzi, tukiota jua nyuma ya kanisa maana baridi ya Laela mwaka huu haina huruma, kijana mmoja aliyemaliza JKT aliniuliza: "Baba, askari naye anaweza kuwa mtakatifu?" Jumuiya yao inajiandaa kwa siku ya somo wao, Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, naye amepangiwa kueleza maisha ya shahidi mmoja. Nikamwambia achukue Bruno Sserunkuma.

Kanisa limewaheshimu askari tangu zamani, na pia waliokataa uaskari kwa ajili ya imani. Mwaka 295 huko Tebessa, katika Algeria ya leo, kijana Maximilian aliuawa kwa kukataa kuandikishwa jeshini. Waamini wa nyakati hizo walikusanyika kaburini kwa shahidi kila ilipofika siku ya kifo chake, wakasali na kumega mkate. Hapo ndipo sikukuu za watakatifu zilipoanzia: kaburini, kwa watu waliomjua marehemu. Hatuwaabudu. Tunawaomba watuombee, kama tunavyomwomba jirani.

Bruno alikuwa mlinzi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Alikuwa mwepesi wa hasira, na simulizi zake hazifichi kwamba hata baada ya ubatizo aliteleza kwa wanawake, akaonywa na wenzake, akatubu. Mimi nampendea hapo. Wako wanaume katika parokia hii wasiokanyaga tena kanisani kwa sababu walianguka mara moja mbele ya macho ya watu, nao hudhani watakatifu ni watu wa namna nyingine.

Tena huyu si mgeni kwetu. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Bagamoyo, ukagawanyika Tabora: wengine wakaelekea Buganda, wengine Ziwa Tanganyika. Bruno alibatizwa Novemba 1885, wakati mauaji ya Wakristo yakiwa yameanza. Mwaka huohuo mapadre walikabidhiwa Karema, na kutoka pwani ile ya ziwa imani ikapanda mpaka huku Ufipa juu. Waliombatiza Bruno na waliowafundisha babu zetu ni wana wa nyumba moja.

Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, alichomwa moto Namugongo, siku moja na Karoli Lwanga na wenzao, akiwa amefungwa ndani ya mkeka wa matete. Mtu aliyezoea kulinda mlango wa mfalme kwa silaha alikwenda mikono mitupu. Mwaka 1920 alitangazwa mwenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI akawatangaza mashahidi wote 22 kuwa watakatifu. Leo Watanzania wengi husafiri kwenda Namugongo kuhiji, wengine kwa miguu.

Kijana alisikiliza, akachora mstari mavumbini kwa kijiti. Kisha akauliza kama Bruno alikuwa na ndugu.

Nikamwambia alikuwa naye, aliitwa Bosa. Walikutana njiani, Bruno akipelekwa kuuawa, akamwambia kwamba kisima chenye chemchemi nyingi hakikauki. Wao wakiondoka, wengine watakuja.

"Na Bosa akasemaje?"

Hilo nimemwachia kijana. Ana mdogo wake wa kumlea, na mpaka tarehe 3 bado siku kadhaa.