Ngome na Ujirani: Fundisho la Karema

Mkaazi wa Unguja anaijua Ngome Kongwe ya Forodhani, na anajua kuwa Waarabu wa Omani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Huko Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa uitwao Katavi tangu 2012, mambo yalikwenda kinyume: ngome ndiyo iliyogeuka kuwa misheni. Lakini pote pawili swali linalozaliwa ni moja. Watu wanaoishi chini ya bunduki za mtu, hata kama bunduki hizo zinawalinda, je, wamekuwa jamii?

Karema ilianzishwa 1879 na Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ambayo Mfalme Leopold wa Pili aliiasisi 1876. Misafara ya Jumuiya ile ikitayarishwa hapa Zanzibar, na askari na wapagazi wake wakiajiriwa visiwani na Mrima. Tusidhani basi kuwa haya ni ya watu wa bara peke yao. Babu zetu walikuwamo, bunduki begani.

Zama zenyewe zilikuwa ngumu. Njia za pembe na za watumwa zilipita humo, na vita vya Mirambo viliitikisa nchi. Mwaka 1880 Wazungu wawili waliokuwa katika kazi ya Jumuiya, Carter na Cadenhead, waliuawa Upimbwe, upande huo huo wa nchi. Katika hali hiyo, nani atamlaumu mtu aliyekwenda kujenga kibanda chake karibu na ukuta wenye walinzi? Hofu ina haki zake.

Hata hivyo, ulinzi una mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeamua utaanzia wapi na utakomea wapi. Luteni Émile Storms aliishika Karema kuanzia 1882. Mwaka uliofuata alivuka ziwa akaweka kituo kingine Mpala, na mwishoni mwa 1884 watu wake walimuua Lusinga, mtawala wa upande ule aliyekataa kumwinamia. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji. Bunduki zilizokuwa kinga kwa aliyelala ndani ya ukuta zilikuwa mauti kwa aliyeishi ng'ambo ya maji, na yule wa ndani hakuwa na kauli juu ya jambo hilo. Alilindwa, lakini hakushauriwa.

Wala hakushauriwa 1885, pale Leopold alipouelekeza moyo wake wote Kongo, Storms akaitwa arudi kwao, na Karema ikakabidhiwa Mapadri Weupe. Ukuta na watu wake ulibadilisha bwana kama ghala linavyobadilisha mwenye ufunguo. Hapa ndipo ninapoona tofauti ya ulinzi na ujirani. Ulinzi huweza kukabidhiwa kwa waraka; ujirani hauwezi.

Mtu atasema: maneno hayo ni mepesi kwa aliyelala salama. Bila ya ukuta, mtumwa aliyekimbia angelala wapi? Hoja hii ni nzito, na mapadri wenyewe hawakuipuuza; Leopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikwenda Mpala 1887 kuwalinda watu wa misheni kwa silaha. Sisemi kuwa ukuta ni ubatili. Ukuta huokoa roho. Nisemalo ni kuwa kuokolewa ni jambo moja, na kuwa mwenyeji ni jambo la pili. Aliyeokolewa hubaki na deni la shukrani, na shukrani isiyo na kikomo humfanya mtu mzima aishi kama mtoto katika nyumba ya mwengine.

Adrian Atiman ndiye anayetuonyesha njia ya kutoka katika deni hilo. Alizaliwa upande wa Mto Niger, akaibiwa utotoni, akauzwa, akavushwa Sahara, kisha akakombolewa na mapadri kule Algeria. Walimsomesha utabibu Malta, na 1889 akafika Karema. Hakuna aliyekuwa mgeni kumshinda, kwani hata kabila lake halikujulikana huko. Lakini akaoa mwanamke wa Kibende, akatibu wagonjwa, akafundisha dini, na hakuondoka tena mpaka alipofariki 1956. Miaka 67! Maafisa wa Kibelgiji walipita, Wajerumani wakapita, na Waingereza wakakaribia kupita. Yeye alibaki, naye hakuwa na cheo cha kuamuru. Deni lake alililipa kwa majirani, wala si kwa mlinzi.

Nchi yetu nayo ililitambua jambo hili kwa namna yake. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi jipya lilianzishwa mwaka huo huo, likaitwa Jeshi la Wananchi. Jina hilo ni ahadi ya kimaadili: kwamba anayeshika silaha na anayelindwa ni watu wa nyumba moja. Ahadi hiyo hulipwa kidogo kidogo katika kila mji wenye kambi, pale sokoni anapouza mama ntilie, skuli wanapokaa watoto wa askari na wa mkulima dawati moja, na kisimani inapopangwa foleni bila ya kuulizana vyeo. Pale ambapo raia humpisha askari kwa hofu, pana ngome tu. Pale wanapokopeshana chumvi, mji umeanza.

Basi anayetaka kuujua mji wa askari asihesabu bunduki wala urefu wa ukuta. Aulize jambo ambalo watu wa pwani na wa ziwani hulielewa sawasawa: kikosi kikihamishwa kesho, nani atabaki kubeba jeneza?