Kalamu na Karamu

Alfabeti ya Kikuyu haina herufi L. Jambo hilo nililisoma nikiwa mtu mzima, na badala ya kufurahi nilikasirika, kwa sababu shuleni hakuna aliyetuambia. Tulichoambiwa ni kwamba tunashrabu.

Nilikuwa darasa la sita, mgeni Nairobi, mwalimu akaniuliza kitabu kiko wapi. Nikamjibu kiko mahari pake. Darasa likaangua kicheko, naye mwalimu akataka kujua hiyo mahari ni ng'ombe wangapi. Leo nakubali mzaha wenyewe ulikuwa mzuri. Siku hiyo chakula cha mchana kilinishinda.

Tangu hapo nikawa fundi wa kukwepa maneno. Kalamu nikaiita biki, nisije nikaomba karamu. Hotelini, wenzangu wakiagiza wali na ugali, mimi nilikuwa mtu wa chapo dondo, mwaka nenda mwaka rudi, na watu wakadhani naipenda ajabu. Haina L wala R, basi. Uchaguzi ukikaribia nilinyamaza kabisa, maana kati ya kura na kula ningeumbuka mchana kweupe. (Ingawa kwa siasa zetu, sioni kama ningekosea sana.)

Cha kushangaza, watu walianza kunisifu. Huyu anapima maneno, huyu anajiamini. Kumbe ni woga tu uliopigwa pasi.

Kazini nikapata rafiki ambaye jina lake lina hizo herufi zote mbili, tena zimekaribiana. Nikamwita Bosi. Miaka miwili, Bosi. Tulikula pamoja, alinikopesha pesa ya nyumba, alinisindikiza hadi kijijini nilipomzika baba. Siku yake ya mwisho ofisini, kabla hajahamia Kisumu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani wewe, jina langu hulijui?"

Hakuwa anatania. Jambo hilo alikuwa amekaa nalo muda mrefu.

Nikamweleza yote, kuanzia ng'ombe wa mwalimu. Kisha nikalitaja jina, likatoka vibaya, akacheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka.

Hapo ndipo ule ushauri wa "kuwa wewe mwenyewe" unaponitatiza. Mimi yupi? Ngũgĩ wa Thiong'o alipoliacha jina James, ambalo lilikuwa kwenye jalada la Weep Not, Child mwaka 1964, alikuwa na jina la kurudia. Mimi nirudie nini, mahari? Siku hizi "mahali" inatoka sawa bila hata kuiwazia, na sioni kama nimejisaliti. Kujifunza sauti si uongo. Uongo ulikuwa ile chapo dondo. Uongo ulikuwa kumwacha mtu aliyenizikia baba aamini kwamba kwangu hana jina, ili tu mimi nisichekwe. Nilikuwa nangoja nijiamini kwanza, ndipo niongee. Miaka ikapita, na kujiamini kwenyewe hakukuja.

Juzi nilimpigia simu nikiwa steji. Matatu zilikuwa zinapiga honi, hanisikii, ikabidi nimwite kwa jina mara tatu, kwa nguvu, mbele ya foleni nzima. Mara ya pili lilitoka vibaya.